Mrejesho: mbwa wangu anayejikuna, tatizo ni nyama ya kuku kweli

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu mbwa wangu anayejilamba miguu hadi manyoya yanakuwa rangi ya kutu, masikio yananuka na tumbo limejaa vipele. Wengi mlisema chakula, wengine viroboto.

Daktari wa mifugo alianza na viroboto, akamkwangua ngozi kutafuta wadudu wa upele. Hakuna. Masikioni kulikuwa na fangasi, akapewa matone. Kipimo cha damu cha mzio wa chakula alisema hakiaminiki, nisipoteze hela. Njia ya kujua ni kumlisha nyama asiyoizoea, wiki 8 hivi, bila kuchanganya na kingine.

Mbwa wangu kakulia ugali na vichwa vya kuku, basi tukahamia mbuzi na viazi vitamu, bila chumvi wala kitunguu. Shughuli ikawa mama mkwe. Namkuta anamrushia shingo ya kuku chini ya meza: "Mwanangu, mbwa wa kwetu Tanga walikula makombo na hawakuwa na mzio!"

Kujikuna kulipungua, kwapani manyoya yakaota. Tukamrudishia kuku makusudi, akaanza tena kujilamba. Tukaondoa, katulia. Ugali bado hatujaupima peke yake.

Aliyenishauri nimpake oili chafu ya gari: hapana mkuu, mbwa huilamba na ni sumu.

Sasa bei ya mbuzi ndiyo inaniumiza. Mwenye mtu wake machinjioni Vingunguti anistue.