Muvi za kutisha zenye mambo ya dini: tumsikilize mkosoaji au mtazamaji?

Nuru_ya_Jioni (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa kuchagua. Mimi na waifu tunapenda muvi za kutisha zile zenye mapadri, masista, mapepo na kadhalika, ila yeye ni mtu wa sala kweli kweli, kutishwa haogopi lakini hataki kuona imani inageuzwa kiinimacho tu. Sasa kila nikisoma maoni kabla ya kuangalia nazidi kuchanganyikiwa, maana wakosoaji wanasifia kitu na waliolipa tiketi wanakiponda hichohicho, au kinyume chake.

Mfano The Witch ya Robert Eggers, wakosoaji wameipa zaidi ya asilimia 90 pale Rotten Tomatoes (tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji), halafu watazamaji wa CinemaScore (kampuni inayowauliza waliotoka ukumbini, alama A hadi F) wakaipa C-. Heretic ya 2024 ile ya Hugh Grant hivyohivyo, wakosoaji juu kabisa, watazamaji C+. The Conjuring ya 2013 pande zote mbili wameikubali, watazamaji A-. The Nun ya 2018 wakosoaji waliisaga, ni kama robo tu walioipenda, watazamaji nao C, lakini iliingiza zaidi ya dola milioni 360 duniani wakati kuitengeneza ilikula kama milioni 22 tu! Sasa hapo unamwamini nani? Nipeni moja ya kuanza nayo na sababu.

Zuhura_Z
Mkuu kwanza tuelewane hizo namba zinapima nini, maana watu wanazilinganisha wakati hazifanani kabisa. Rotten Tomatoes haisemi muvi ni nzuri kiasi gani, inasema tu katika kila wakosoaji 100 wangapi waliipitisha. Aliyesema "siyo mbaya, inaangalika" na aliyesema "sijawahi kuona kazi kama hii" wote wanahesabiwa sawa. CinemaScore nao, wako tangu 1979, wanawapa watu kadi wakati wanatoka ukumbini siku ya kwanza ya muvi, na siku ya kwanza wanaokwenda ni wale waliovutwa na trela. Kwa hiyo ile alama kwa sehemu kubwa inajibu swali moja tu, je, nimepewa nilichoahidiwa?

The Witch trela iliuza mchawi na mbuzi mweusi, watu wakaenda wakitegemea kurushwa kwenye viti, wakakuta familia ya Wapuriti (Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini) wa miaka ya 1630 huko New England, wanaongea Kiingereza cha zamani, wanasali, wanashukiana, hofu inapanda taratibu mpaka mwisho. Siyo mbaya, ni nzuri sana tu, ila siyo ile waliyoilipia. Na muvi za kutisha kwa ujumla watazamaji huwa wanazibania alama, B yake ni kama A ya komedi. Kwa hiyo C+ ya Heretic usiiogope hata kidogo.

Kibatari77
Zuhura kasema kweli ila mimi naona wakosoaji pia wana tatizo lao kwenye hizi za dini. Wengi wanaangalia picha, mwanga, uigizaji, halafu suala lenyewe la imani wanalipita juu juu kama vile ni pambo. Chukua The Exorcist ya 1973, leo kila mtu anaiita mama wa hizi zote, lakini ilipotoka wakosoaji waligawanyika vibaya. Vincent Canby wa New York Times aliiponda, Pauline Kael naye hakuikubali, Roger Ebert akaipa nyota 4 kati ya 4. Watazamaji wao walipanga foleni kwenye baridi, kuna waliozimia, waliotapika, waliotoka nje katikati, magazeti ya wakati ule yaliandika sana. Ikapata uteuzi wa Oscar 10, ikachukua 2, na ndiyo muvi ya kwanza ya kutisha kuteuliwa kwenye picha bora. Uingereza ndiyo usiseme, kuanzia mwisho wa miaka ya 80 haikuruhusiwa kuuzwa kwenye video hadi 1999!

Sasa kilichowashika watu pale siyo matapishi ya kijani ya yule binti aliyepagawa na pepo. Aliyeandika kitabu na skripti, William Peter Blatty, alikuwa Mkatoliki anayemaanisha, na ukiangalia vizuri hadithi ni ya Padri Karras ambaye imani yake imeanza kuzimika hata kabla ya kufiwa na mama yake. Binti ndiyo uwanja, vita ni ya padri. Hata Padri Dyer pale kaigizwa na Mjesuiti halisi (padri wa shirika la Kikatoliki la Yesu), William O'Malley. Waifu wako ataiheshimu hiyo, amini nakuambia.

mtoto_wa_sinema
The Nun mnaionea jamani. Siyo muvi ya kufikirisha, sawa, ila yule Valak, pepo mwenye sura ya sista aliyeigizwa na Bonnie Aarons, akisimama gizani tu unasahau hadithi ina mashimo gani. Tangazo lake la YouTube lilitolewa kwa sababu lilikuwa linashtua watu kupita kiasi, hiyo ilikuwa 2018. Nenda na wenzako, zimeni taa, pigeni kelele, mtafurahi. Milioni zote hizo hazikutoka kwa watu waliolazimishwa.

Zuhura_Z
@mtoto_wa_sinema hakuna aliyesema haitishi, lakini soma alichoomba mwenye mada. The Nun msalaba na maji ya baraka yanatumika kama risasi, ukiishiwa unatafuta nyingine. Sala hazina uzito wowote mle, na mtu wa sala ndicho kitu cha kwanza atakachokiona.

Mama_Ibada
Amani kwenu. Mimi nitatofautiana kidogo, kuna watu hizi muvi zinawaachia hofu ya siku nyingi na siyo burudani tena, kwa hiyo mwenye mada uwe mpole, mkiona mwenzako amenyamaza sana zimeni. Ila nataka kusema jambo moja ambalo halisemwi. Wanaojua kazi hii wenyewe wana maoni yao na hayafanani na ya wakosoaji wala ya watazamaji. Padri Gabriele Amorth, aliyekuwa mtoa pepo wa Roma na akafariki 2016, alikuwa anaipenda The Exorcist, ingawa alijua manjonjo yake yamezidishwa. Halafu 2023 ikatoka The Pope's Exorcist, Russell Crowe anamwigiza Amorth huyohuyo, na chama cha kimataifa cha mapadri watoa pepo, ambacho Amorth alikuwa kati ya waanzilishi wake, kikailalamikia hata kabla haijatoka, kwa kuona trela tu. Mimi kigezo changu ni hicho, mapadri wanaiona kama inawaelewa au inawatumia.

Kibatari77
Mama umegusa penyewe kabisa 🙏

Fundi_Spika
Mbona hakuna aliyeitaja The Exorcism of Emily Rose, 2005? Hiyo wakosoaji waliigawana nusu kwa nusu, na sababu yake naielewa, nusu yake ni mahakama na nusu ni pepo, mtu anayetaka moja anakerwa na nyingine. Mimi ndicho ninachokipenda. Padri anashtakiwa kwa kifo cha binti, wakili wake haamini, mwendesha mashtaka ndiye mtu wa kanisa, na muvi haikulazimishi uchague upande. Imetokana na kisa cha kweli cha Anneliese Michel, Mjerumani, aliyefariki 1976 akiwa na miaka 23 kwa kukosa chakula na maji baada ya kuombewa mara 67, na 1978 wazazi wake na mapadri wawili wakatiwa hatiani. Ukimaliza kuangalia mtaongea mpaka usiku wa manane. Jennifer Carpenter, aliyemwigiza Emily, alivyojipinda mle nasikia mengi ni mwili wake mwenyewe.

Na tafadhali mkae mbali na The Devil Inside ya 2012. Watazamaji waliipa F, na walikuwa na haki, muvi inakatika ghafla inakuelekeza kwenye tovuti ukamalizie hadithi huko. Iliingiza kama dola milioni 100 kwa bajeti ya milioni moja hivi, kwa hiyo mtoto_wa_sinema hoja yako ya hela hapo inakufa.

mtoto_wa_sinema
Hiyo ya tovuti kweli ilikuwa dharau kwa mtazamaji, nakubali. The Nun bado nitaitetea.

Nuru_ya_Jioni
Nawashukuru sana wakuu, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Nimemsomea waifu maelezo ya Kibatari na ya Mama_Ibada, kasema tuanze na The Exorcist, Emily Rose itafuata, The Witch tukiwa na utulivu. Swali la mwisho, naona kuna mbili, ya 1973 na nyingine ya 2000 iliyoongezwa. Ipi?

Kibatari77
Ya 1973 imebana zaidi, haina kipande kisichohitajika, na wengi watakwambia uichukue hiyo. Ya 2000 imeongezwa binti akishuka ngazi kinyumenyume, na sura za shetani zinamulika hapa na pale, hizo mimi sizipendi. Lakini kwa ajili ya waifu chukua ya 2000, maana kuna pale mapadri wawili wamekaa kwenye ngazi wanapumzika, kwenye ile ya zamani wamekaa kimya tu, kwenye hii mdogo anamuuliza mkubwa kwa nini binti huyu, na mzee anamjibu kwamba lengo ni sisi tukate tamaa, tujione wanyama tusiostahili kupendwa na Mungu. Blatty aliililia hiyo sehemu irudishwe miaka yote hiyo. Usiisogeze mbele.