Soda iko kila kona, mboga mpaka nipande mabasi mawili. Tuombe nini?

Dada wa zamu ya usiku
Ndugu zangu, habari. Nikishuka kituoni usiku nakuta soda, biskuti na vya kukaanga kila kona, mboga hakuna. Jumamosi nilienda sokoni nikanunua mafungu manne ya mboga za majani ili zifike wiki nzima. Friji sina. Jumanne nikafungua mfuko, mawili ya chini yameoza, yanachuruzika maji meusi. Niliumia kuyatupa, maana mama yangu ana kisukari na ameambiwa nusu ya sahani iwe mboga. Majirani wanataka tumwombe diwani supamaketi. Ni sawa?

Muuza mboga
Pole sana, dada. Supamaketi msiitegemee, anayelipwa kwa siku hununua cha leo, tena kidogo. Tatizo ni hasara ya muuzaji. Asubuhi majani yamesimama, saa tisa alasiri yamelala, na yasiponunuliwa hasara ni yangu. Biskuti inakaa miezi, ndiyo maana duka linaipenda. Ombeni kibanda chenye kivuli na maji ya kunyunyizia, na kibali ili tusifukuzwe. New York mwaka 2008 ilitenga vibali 1,000 vya mikokoteni ya matunda na mboga kwa mitaa yenye uhaba.
Na mboga zako zikung'ute maji kwanza, uzifunge kwa kitambaa, si mfuko wa plastiki.

Msomaji wa mipango miji
Naunga mkono, ila bei nayo muiseme. Belo Horizonte, Brazili, tangu 1993 jiji lilichukulia chakula kuwa haki ya raia. Wauzaji walipewa maeneo mazuri kwa sharti kwamba bidhaa kadhaa ziuzwe kwa bei iliyopangwa na jiji. Sharti hilo ndilo la kuiga. Bila hilo, kibanda kitakuwepo na mboga zitabaki za wenye uwezo.

Dada wa zamu ya usiku
Asanteni mno, kibanda sikukiwaza kabisa. Pale kituoni pana uwazi, na wengi wetu tunashuka kati ya saa moja na saa tatu usiku. Ndugu muuza mboga, wewe ungekaa mpaka saa hizo?

Muuza mboga
Pakiwa na taa, nakaa. Taa iandikeni kwenye barua.