Laisamis hadi Marsabit kupitia Loiyangalani na Chalbi: mafuta, tairi, maji

Swali
Wadau, Agosti tunataka kuchepuka Laisamis, kaskazini mwa Kenya, tupite South Horr, Loiyangalani, North Horr na Kalacha, tutokee Marsabit. Lami ya Isiolo–Moyale tunaijua, huko ndani bado. Gari ni Hilux ya dizeli, tangi la lita 80, watu wanne, siku tano. Nibebe mafuta kiasi gani? Spea moja inatosha? Na jangwa la Chalbi linapitika?

Jibu 1
Ndugu, mzunguko huo unakaribia kilomita 500. Achana na hesabu ya lami. Hilux iliyopakia, kwenye mawe na mchanga, ipigie lita 14 kwa kilomita 100. Hizo ni 70. Ongeza theluthi kwa kupotea njia na kuzunguka laga (mito ya msimu), unafika kama 93. Jaza tangi kwenye lami kabla ya kuchepuka, kisha beba jerikeni mbili za chuma za lita 20, usizijaze hadi shingoni kwa sababu dizeli hutanuka kwa joto. Huko ndani mafuta huuzwa kutoka kwenye mapipa na mitungi. Ukilazimika kuyanunua, yachuje, maana maji na mchanga vitaua nozeli.

Spea moja haitoshi. Barabara ya kutoka Laisamis ilitengenezwa ili kupitisha mitambo ya umeme wa upepo, kwa hiyo mwanzo ni mzuri na unadanganya. Ukishaiacha, ukielekea Ziwa Turkana, unaingia kwenye mawe ya volkano. Tundu la kwenye uso wa tairi utaliziba mwenyewe kwa uzi wa mpira, lakini ubavu ukichanika tairi hiyo imekwisha. Beba spea mbili. Upepo wa tairi, kwa psi: lami 35, changarawe 28, mchanga na mawe 20.

Jibu 2
Nakubali yote isipokuwa 20 kwenye mawe. Tairi ikilegea hivyo, ubavu hutokeza nje na ndio unaokutana na jiwe. Kwenye mawe baki na 26–28 na upunguze mwendo hadi kilomita 20 au 25 kwa saa. 18–20 ni ya mchanga peke yake. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi. Mchana kipimo kitapanda kwa 4 au 5, usitoe upepo kwa sababu hiyo. Pampu iwe ya kufunga moja kwa moja kwenye betri, kwani ile ya tundu la sigara huunguza fyuzi. Jeki iwekee ubao mnene chini, la sivyo inazama yenyewe na gari halinyanyuki.

Chujio la hewa likung'ute kila jioni. Ukiwa na pampu, pulizia kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kinyume, vumbi linasukumwa ndani ya karatasi.

Jibu 3
Chalbi Agosti hupitika ikiwa hakujanyesha. Gamba la chumvi juu huonekana gumu, chini yake ni tope. Fuata alama za magari yaliyotangulia, na ukiona ardhi imekuwa nyeusi mbele, rudi kwa njia uliyojia. Ukikwama usikanyage mafuta, magurudumu yanachimba tu. Chimbua mbele ya kila tairi, shusha upepo hadi 15, tia gia ndogo, toka taratibu. Asubuhi ya siku ya kuvuka, waulize madereva wa malori waliofika North Horr. Hali ya usalama iulizwe polisi, kuanzia Laisamis.

Laga ikiwa na maji, subiri hata kama juu yako ni jua kali. Mvua imenyesha mlimani.

Maji: lita 6 kwa mtu kwa siku, akiba ya siku tatu kwa watu wanne, yaani 72, kwenye madumu ya lita 10 ili moja likipasuka usipoteze yote. Weka lita nyingine 10 za rejeta. Ya ziwani yana magadi, usiyatie hata humo. Na Loiyangalani egesha pua ikitazama upepo, mlango mmoja ufunguliwe kwa wakati, ukishikwa kwa mkono, la sivyo bawaba zinapinda.