Mpwa wangu anataka kazi ya ramani za kompyuta: chuo miaka mitatu au ajifunze programu ya QGIS mwenyewe?

Mjomba_Kibaha
Wakuu habari za saa hizi. Nina mpwa wangu kamaliza fomu foo mwaka jana, jiografia B hesabu C. Mwaka 2022 wakati wa anwani za makazi dada yake alipata kibarua cha kuzunguka na simu kuingiza nyumba kwenye NaPA, ule mfumo wa anwani, yeye akawa anamfuata nyuma kila siku, toka hapo hana habari nyingine ni ramani tu. Mama yake anataka aende chuo cha ardhi, Morogoro au Tabora, aanze na cheti mpaka diploma, miaka mitatu hiyo. Binamu yake anasema huko ni kuchoma ada, anunuliwe laptopu ajifunze QGIS maana ni ya bure, miezi sita tu anaingiza hela. Pesa iliyopo inatosha kitu kimoja. Nifanyeje?

Mzee_wa_Bikoni
Chuo. Nimepima viwanja zaidi ya miaka ishirini, nakwambia kwa uchungu. Mtu wa kujifunza mtaani hajui hata kodineti zake, yaani namba za mahali, ziko kwenye datamu gani, yaani zinahesabiwa kuanzia wapi. Ramani zetu nyingi za zamani ziko kwenye datamu ya Arc 1960, simu inakupa ya GPS, WGS 84, ukizichanganya bila kubadilisha vitu vinahama kama mita 300. Niliwahi kuitwa na ofisi moja nikakuta mtaa mzima umechorwa juu ya mtaa mwingine na watu wameshaanza kugombana. Hawa wachora mapaa, wanaofuatisha nyumba kwenye picha za satelaiti tu, wanatuharibia kazi.

Binti_Tandale
Mzee shikamoo. Hilo la "wachora mapaa" limeniuma. Mimi nilianza hivyo hivyo, mradi wa Ramani Huria 2015, kazi ya mafuriko Dar. Unadhani tulikaa kwenye feni tunazungushia paa mstari? Tulikuwa tunaingia makorongoni na mjumbe, tunauliza bibi mwenye nyumba maji yalifika wapi, dirishani au kiunoni, mtaro upi umeziba kwa taka. Hiyo satelaiti haikuonyeshi. Picha za bure za Sentinel pikseli moja, yaani kidoti kimoja cha picha, ni mita 10, chumba na sebule cha Tandale kinamezwa humo mara kadhaa. Kabla ya kazi zile ukifungua ramani ya mtaa wetu unakutana na uwazi, kana kwamba hakuna watu.

Mzee_wa_Bikoni
Marahaba. Na mlikuwa wakina nani mliofanya hiyo kazi? Si wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Mlimani? Umenisaidia hoja.

Binti_Tandale
Chuo nilikuwa nasoma ndiyo sikatai, ila JOSM, programu ya kuchorea ramani, sikuishika darasani, niliishika kule, na waliotuongoza uchochoroni walikuwa wakazi wa mtaa wasio na diploma yoyote. Na hujajibu, umeruka. Nimesema neno lako limeniuma.

Kijana_wa_Iringa
Mimi nawashangaa. Huku kwetu Iringa vijijini ule mradi wa MAST ulichukua vijana wa kijiji, wakafundishwa kwa muda mfupi tu, simu mkononi, wanatembea na mwenye shamba na majirani wote wapo, wanakubaliana mpaka ni mti huu mpaka jiwe lile, wanaweka pointi, mwisho watu wakapata hati za kimila kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999. Mama yangu anayo ya kwake na jina lake limo. Sasa mtu akisema bila chuo huwezi anamwambia mama yangu hati yake ni karatasi la maandazi?

Mzee_wa_Bikoni
Sijamgusa mama yako kijana. Shamba la kijiji nguvu yake ni makubaliano ya majirani, ukikosea mita tatu mti bado upo. Kiwanja cha mjini ni bikoni kwa bikoni, yale mawe ya mpaka, Sheria ya Upimaji Ardhi sura 324 ipo, anasaini mpima mwenye leseni na ramani inaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Huyo mpwa akijifunza mwenyewe atakaa miaka kumi anamchorea mwenzake mwenye saini.

Fundi_Data
Mnamtisha mjomba wa watu bure. Siku hizi mwajiri anataka kuona kazi yako, hataki cheti. Habari za datamu ni jambo la dakika moja, weka UTM zoni 37 kusini, ile kanda ya kuhesabia kodineti, uendelee na kazi, Dar 37, Moro 37, Dodoma 37, basi.

Mzee_wa_Bikoni
Dodoma 37???

Binti_Tandale
Hapo na mimi nasimama na mzee. Dodoma mjini ni 36, longitudo yake ni kama 35.7 na mpaka wa zoni uko kwenye 36, ukishika njia ya Kongwa ndio unaingia 37. Mwanza 36. Kigoma mjini ni 35. Nchi hii ina zoni tatu kaka.

Fundi_Data
Nimekosea mji mmoja mmeshafanya sikukuu. Nimejifunza peke yangu usiku kwa bando la kuungaunga, hakuna aliyenishika mkono, na nalisha familia kwa kazi hii. Msinisimange.

Mzee_wa_Bikoni
Hakuna anayekusimanga, ila ungekuwa umeletewa kazi ya Dodoma leo ungeifanya hivyo hivyo na mteja asingejua mpaka siku ya kesi. Hilo ndilo nalia nalo toka juzi.

Pwani_Unguja
Nyie mnagombania zoni, huku Unguja na Pemba toka 2016 visiwa vimepigwa picha kwa droni na walorusha ni vijana wa SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar. Wamesoma na wameshika chombo papo hapo. Kwa nini iwe ama hili ama lile?

Fundi_Data
Kwa sababu mjomba kasema hela inatosha kitu kimoja. Hamsomi.

Mjomba_Kibaha
Nipo nasoma wakuu. Nimemsomea mpwa wangu yote. Hajauliza ada wala laptopu, kauliza nyumba inahamaje mita 300 na ardhi haijasogea. Nimekosa jibu.

Mzee_wa_Bikoni
Mwambie hivi. Dunia si mpira wa duara kamili, kwa hiyo wapimaji huchagua umbo la hesabu la kuiwakilisha. Arc 1960 inatumia umbo la Clarke 1880 lililolazwa likae vizuri upande wetu huu wa Afrika. GPS inatumia umbo lingine ambalo katikati yake ni katikati ya dunia yenyewe. Maumbo mawili, vitovu viwili, kwa hiyo namba zile zile zinakuonyesha sehemu mbili. Nyumba ipo pale pale, kilichohama ni pa kuanzia kuhesabu. Mpe simu, asimame kwenye bikoni yoyote yenye kodineti za zamani, asome, kisha alinganishe, ataona mwenyewe. Na aliyeuliza hivyo mpeleke Morogoro.

Binti_Tandale
Umemweleza vizuri sana mzee, mimi mwenyewe chuoni sikuelezwa kwa urahisi huo. Lakini neno la mapaa bado hujalifuta.