Mliorudi kutoka Uarabuni, mlianzia wapi? Tupeane uzoefu

Salaam wadau. Habari za kwenda tumezisikia sana: ajenti, mafunzo ya NITA (mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya kazi), mkataba wa miaka miwili. Mimi nauliza za kurudi. Naanza na yangu.

Nilikuwa Riyadh, riyal 900 kwa mwezi. Mshahara ulipokatika miezi minne nikatoka ile nyumba. Kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini, akanipiga huruub: akaniripoti kuwa nimetoroka, na ukishaandikwa hivyo hata uwe na tiketi mkononi, uwanja wa ndege hupiti. Ndipo nilipoelewa kwamba huku kunakoitwa kurudi kwa hiari kunataka hiari ya watu wengi: kafili, polisi, na ubalozi wa kukupa karatasi ya kusafiria, maana pasipoti imebaki kabatini kwa madamu. Nilikaa tarhili, kizuizi cha wanaosubiri kurudishwa kwao, wiki tano. Mtu asikwambie kafala, ule mfumo wa kumfunga mfanyakazi kwa kafili wake, ilifutwa. Mageuzi ya Machi 2021 ya kuruhusu wafanyakazi kutoka Saudia bila ruhusa ya mwajiri hayakutugusa sisi wa majumbani.

Nilifika kwetu Kisauni na mfuko wa plastiki. Pesa nilizotuma nimezikuta: nyumba imefika linta, na kiwanja kina jina la kaka. Mpaka leo saa nane usiku naamka nikidhani kengele ya madamu imelia.

Haya, leteni zenu. Mlisaidiwa na nini, na kilidumu?

Mama Mahamri:
Pole mamangu. Mimi nilirudi kwa mpango, tiketi nikalipiwa. Msaada wa kuanza maisha ukaja kwa vitu, si pesa mkononi. Niliulizwa nataka biashara gani, nikasema ushonaji kwa sababu aliyenitangulia kwenye foleni alisema ushonaji. Nikaletewa cherehani ya stima. Kwangu Ganze stima haijafika. Niliiuza nusu bei, nikanunua karai mbili, unga na nazi, nakaanga mahamri alfajiri kando ya stegi. Mahamri ndiyo yanayosomesha wanangu wawili. Kila baada ya muda mtu hupiga simu kuuliza cherehani inaendeleaje. Namjibu inashona vizuri.

Bint Pangani:
Mama Mahamri umenichekesha, na si la kuchekwa.

Mie nilikuwa Muscat, rial 80, bosi mwema, nilimaliza mkataba wangu nikarudi na mabegi mawili. Kwa hiyo tusiseme wote tumerudi tunalia. Ila pale nyumbani nilifanya kazi na Mfilipino, na yeye ndiye aliyenifumbua macho. Kila mkataba kwao hulipiwa dola 25 kwenye mfuko unaoitwa OWWA. Akikwama, mfuko humsaidia kurudi. Akitaka biashara kwao, kuna mlango wa mkopo. Alikuwa anayajua hayo kabla hajapanda ndege! Akaniuliza, "Na nyinyi mnalipia wapi?" Nikamwambia kwetu anayelipwa ni dalali.

Na wale wa kusema serikali ipige marufuku tu, Kenya si ilifunga 2014? Wasichana hawakuacha kwenda. Walibadili njia, basi, na mtu aliyepita kichochoroni akirudi hana hata daftari la kuandikiwa jina.

Aliyekuwa Beirut:
2020. Lira ilipoanguka bosi akaanza kunilipa kwa lira badala ya dola, kisha akaacha kabisa. Mlipuko wa bandari wa tarehe 4 Agosti ulipovunja vioo vya ile nyumba nilikuwa ndani nafagia, na nikafagia vile vioo pia.

Niliporudi sikumwambia mtu. Nilikaa Githurai kwa rafiki miezi mitatu, nyumbani wanajua niko Lebanoni. Ningewaingilia vipi mikono mitupu? Nikiwapigia nilikuwa najifungia chooni ili wasisikie makanga wakiita abiria. Hakuna mpango uliokuja kunitafuta Githurai, kwa sababu kwenye karatasi nilikuwa nimeshafika nyumbani.

Mwenye uzi:
Dada, hilo la chooni limenikaa.

Swali jingine. Kuna aliyedai mshahara akiwa ameshafika huku, akaupata? Ile miezi yangu minne bado naihesabu. Nakala ya mkataba ninayo, na ujumbe wa sauti wa madamu akisema "bukra, bukra", kesho, kesho, ninao.

Kidole Kimoja:
Nilijaribu. Miezi sita nazungushwa. Mwisho nikaonyeshwa karatasi ya Kiarabu iliyosema nimepokea haki zangu zote, na chini kuna alama ya kidole changu. Niliiweka siku ya safari, nikiambiwa ni ya tiketi.

Mwenye uzi:
Ngoja. Na mimi niliweka kidole asubuhi ile ya kuondoka. Yako ilikuwa ukurasa mmoja?

Kidole Kimoja:
Mmoja, na muhuri wa bluu kushoto. Hukuachiwa nakala, sivyo?