Huyu mtafsiri wa movie leo kanivuruga kabisa!!!

Wakuu nimetoka banda la video sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua wote, yule mwenye sauti ya kukwaruza anayejipigia honi kila dakika mbili kama daladala imekosa abiria. Leo kaivamia Swing Shift, ile ya 1984 ya Goldie Hawn, mume kaenda jeshi la majini la Marekani baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor, mke anaingia kiwanda cha ndege, penzi linaanza huko huko na mpiga tarumbeta. Wanawake wanapiga ribiti, zile pini za kushikanisha mabati ya ndege, mmoja na bunduki ya ribiti upande huu, mwenzake kakaza chuma upande wa pili, mtafsiri anawaita mabinti wa gereji. Nikavumilia.

Sasa vita imeisha, wanaachishwa kazi, banda zima kimya mpaka feni inasikika, jamaa anafungua mdomo: "Haya mama, rudini jikoni ugali unaungua!" Na honi akapiga. HONI jamani!

Mama yangu kapiga shifti ya usiku kiwanda cha nguo miaka 11, siku wamepunguzwa alirudi na sare yake mwilini akakaa mlangoni hata viatu hakuvua, mimi nilimwona, halafu mtu ananiambia ugali unaungua? Christine Lahti, yule aliyeigiza rafiki yake Goldie, aliteuliwa kuwania Oscar kwa movie hii, jamaa kamfunika na honi. Ugali unaungua!!!

Mla_Korosho: Kwani mkuu uliwahi kuuepua? 😂😂

Bi_Mkubwa77: Mwacheni mwenzenu. Pole mwanangu, mpe mama shikamoo yangu.

Kobe wa Tandale: Unalilia viwanda vya Wamarekani ilhali mapenzi ndiyo yaliyokupeleka bandani

Mleta uzi: 1943 wanawake zaidi ya 300,000 walikuwa viwanda vya ndege kule, ulidhani ndege zilijiunda? Na ile HONI je?

Shombo: Afadhali wewe, mimi ya Kikorea kaishia sehemu ya 6 "itaendelea", mwaka wa tatu huu nasubiri

Mla_Korosho: Ya kwangu kamtaja muuaji hata majina ya waigizaji hayajaisha kupita

Kobe wa Tandale: Banda la kwetu kiingilio kimepanda, watu 60 feni moja na inamwangalia mwenye banda

Shombo: Nyie mna feni??