Nasoma mambo ya bahari mwaka wa pili, fildi na skolashipu naanzia wapi?

Binti_Pangani
Habari za humu wakuu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma mambo ya bahari na uvuvi hapa Dar, nyumbani Tanga. Fildi inakaribia na mpaka sasa sijapata sehemu, barua nimepeleka ofisi kadhaa jibu ni lile lile "tutakupigia" na simu haijaita. Wenzangu wanasema nenda popote upate mhuri tu mradi logibuku isainiwe, ila roho yangu inakataa kwa sababu baadae nataka kusoma masta nje na kila tangazo naona wanauliza uzoefu.

Halafu kwenye matangazo ndo nachanganyikiwa kabisa, simu imejaa skrinishoti, kuna POGO, kuna GEBCO, kuna ya Iceland, kuna Ubelgiji, kuna MARG ya WIOMSA, hata sijui ipi inanihusu. Na kuna jamaa kwenye grupu la wasap anasema atanijazia fomu zote kwa laki na nusu na nafasi ni uhakika. GPA ni 3.7, kuogelea najua, kuzamia na mitungi sijui. Naombeni mwongozo kabla sijamalizia bando kwenye vitu visivyonihusu.

Mzee_wa_Bamvua
Huyo wa laki na nusu mblok leo leo. Hakuna mfadhili anayepitisha nafasi kwa mtu wa wasap, maombi unatuma mwenyewe kwenye tovuti yao, na barua ya kujieleza akikuandikia mtu asiyekujua itasomeka hivyo hivyo kama ya mtu asiyekujua.

Sasa hizo skrinishoti zako. Ya Iceland, ile GRÓ ya uvuvi, sio ya mwanafunzi kabisa, ni ya mtu aliyeajiriwa tayari kwenye sekta, idara ya uvuvi au taasisi ya utafiti au chuo, mwajiri ndo anampendekeza anaenda miezi sita anarudi kazini. Wameanza toka 1998 na Watanzania, Wakenya na Waganda wamepita pale, kwa hiyo usiifute, iache ikusubiri ukiwa na ajira. GEBCO ni ya kuchora ramani za sakafu ya bahari, mwaka mmoja New Hampshire kule Marekani, ufadhili wa Nippon Foundation, ipo toka 2004 na wanachukua watu wachache sana, kama sita hivi kwa mwaka. Wanataka mtu mwenye digrii tayari na anayependa hesabu, kompyuta na ramani. Kama wewe ni mtu wa samaki na matumbawe utateseka tu. Wale waliosomea pale waliunda timu wakashinda lile shindano la XPRIZE la kupima kina cha bahari 2019, sio watu wa mchezo.

POGO, ule umoja wa taasisi za utafiti wa bahari duniani, wana vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna mafunzo ya miezi kumi kwenye kisiwa cha Helgoland, Ujerumani, watu kumi tu kutoka nchi zetu hizi, lazima uwe na digrii na wanapendelea mwenye taasisi ya kurudia nyumbani. Na kuna ule ufadhili mfupi wa kwenda kujifunza mbinu fulani kwenye maabara ya nje, huo ni kwa ambaye ana utafiti unaoendelea.

MARG ni hela ya utafiti, wala haikulipii ada. Ukifika masta au PhD ukawa na proposali yako inayohusu nchi za Magharibi ya Bahari ya Hindi, hapo unaomba. WIOMSA wenyewe, chama cha wanasayansi wa bahari wa ukanda huo, ofisi iko Unguja, wapo toka 1993, na kongamano lao ni mahali ambapo mwanafunzi anapandisha bango lake na kuongea na watu ambao majina yao anayasoma kwenye makala. La 2025 lilikuwa Mombasa.

Kwa hiyo kwa leo mwaka wa pili, kwenye orodha yako hakuna la kuomba. Kazi yako ni fildi.

Binti_Pangani
Duh asante sana mkuu, umenisaidia kufuta nusu ya simu 😂 Sasa hiyo fildi ndo mziki. Niende wapi ambako sitaishia kutoa fotokopi?

chumvi_nyingi
Dada usidanganywe, hizi nafasi zina wenyewe. Mimi nilipangiwa ofisi moja ya serikali (siitaji) fildi nzima kazi yangu ilikuwa kupanga mafaili na kununua vocha za bosi, bahari nilikuwa naiona dirishani. Aliyepelekwa kwenye boti ni mpwa wa mtu. Chukua mhuri, rudi chuo, tafuta GPA.

Mzee_wa_Bamvua
@chumvi_nyingi hilo lipo na silikatai. Ila mtu asiye na mjomba anahitaji hiyo fildi kuliko mwenye mjomba, kwa sababu akikaa mbele ya fomu ya skolashipu hana kingine cha kuandika.

Binti wewe mtu wa Tanga unalilia Dar ya nini? Hapo kwenu kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, ilitangazwa 2009 baada ya samaki hao silikanti kuanza kunaswa kwenye nyavu za wavuvi, wale ambao wataalamu waliwahi kudhani wameshatoweka duniani zama za dinosau. Kigombe imo humo ndani. Utalala nyumbani, nauli ndogo, na wanafunzi wengi wanakimbilia Dar na Unguja kwa hiyo foleni ni fupi. Peleka barua mwenyewe kwa mkono, na usiandike "naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo" ukaishia hapo. Andika unataka kufanya nini, mfano kurekodi samaki wanaoshushwa kwenye diko moja, aina, urefu, zana iliyowavua, nyavu ama mishipi ama madema. Mkuu wa kituo akiona mtu kaja na kazi yake na hadai boti wala posho, kumkataa inakuwa ngumu. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, nao usiwasahau, na IMS Unguja, ile taasisi ya sayansi za bahari ya Chuo Kikuu cha Dar, ila huko anza mapema kweli kweli.

Gazi_kwetu
Salamu kutoka Kwale. Mimi nilifanya atachimenti yangu hapa Gazi kwenye mikoko na naunga mkono huyo mzee, sehemu ndogo ndo unafanya kazi. Huku kuna Mikoko Pamoja, wanakijiji wanalinda mikoko na kuuza kaboni toka 2013, na KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi Kenya, wana kituo papa hapa, kwa hivyo kila mara kuna mtu anapima kitu na mikono haitoshi.

Nikuonyeshe mfano. Siku ya kwanza nikapewa utepe nikaambiwa pima unene wa miti kwenye ploti. Mchu, aina moja ya miti ya mikoko, ni rahisi, unazungusha utepe kwa mita 1.3 kutoka chini unaandika. Ukifika kwa mkoko wenyewe, ule wa mizizi kama miguu ya kaa, hiyo 1.3 inaangukia kwenye mizizi, hakuna shina hapo! Inabidi upande hadi mzizi wa juu kabisa ndio upime sentimita 30 juu yake, huku umesimama kwenye tope la magoti na mbu wanakula masikio. Sasa mtu akikuuliza kwa intavyuu "umewahi kufanya kazi ya nyanjani?" ukamweleza hiyo ya sentimita 30 anajua mara moja ulikuwako, cheti cha mhuri hakisemi hivyo.

Wakenya mnaosoma hapa, KMFRI barua ya chuo na bima ya wanafunzi muwe nazo kabla hamjauliza kitu, wengi wanarudishwa getini kwa hiyo bima.

Mswahili_Gent
Nimechelewa kuona uzi. Mimi niko Ubelgiji, namalizia Oceans & Lakes, ile masta ya miaka miwili ya vyuo vitatu kwa pamoja, VUB Brussels, Gent na Antwerp. Ufadhili ni wa VLIR-UOS, shirika la vyuo vikuu vya huku Flanders, orodha ya nchi inabadilika mara kwa mara ila Tanzania na Kenya zimekuwemo muda mrefu. Nafasi za kulipiwa ni chache kwa hiyo barua yako inasomwa neno kwa neno. Ipo pia IMBRSea, masta ya bahari ya Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, nayo inaratibiwa hapa hapa Gent, hiyo unazunguka vyuo vya nchi tofauti na ndani yake kuna kipindi cha kufanya kazi kwenye taasisi. Zote masomo yanaanza Septemba lakini dirisha la maombi linafungwa miezi mingi kabla, wabongo wengi tunakuja kushtuka mwezi wa sita tunauliza "bado wanapokea?"

Kwenye barua, tafadhali sana usianze na "tangu utotoni nimekuwa nikiipenda bahari". Nimesaidia wadogo zangu kadhaa kupitia barua zao na karibu zote zinaanza hivyo, mpaka ya jamaa wa Dodoma. Anza na kitu ulichokiona kwa macho yako na swali lililokubakia. Kwa mfano huko dikoni ukiona madema yanaleta tasi wadogo kuliko mishipi, hilo tayari ni swali la utafiti, na ukiwa na daftari la vipimo ulivyochukua mwenyewe una tasnifu ya mwaka wa tatu mkononi, supavaiza wako atafurahi na huyo huyo ndo atakuandikia barua ya mapendekezo yenye nyama. Barua za "ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu" hazimsaidii mtu, hata wahalifu wanaandikiwa hizo.

Jambo jingine ni pasipoti. Tafuta sasa, usisubiri kuitwa.

Sheria_na_Bahari
Samahani naingilia, mimi nasoma sheria, je huku bahari hatuna chetu?

Mzee_wa_Bamvua
Mnacho. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, ITLOS, iko Hamburg na inapokea wanafunzi kwa intanshipu ya miezi mitatu. Hawalipi mshahara ila kuna mfuko wa kusaidia wanaotoka nchi zinazoendelea, ukiomba sema wazi unauhitaji. Na usijione mgeni, Mzee Warioba alikuwa jaji pale 1996 mpaka 1999 na baadae Kateka, Mtanzania mwingine, akaingia 2005.

Binti_Pangani
Jamani nawashukuru sana. Kesho naanza na barua ya hifadhi. Ila swali dogo, kuzamia kutaniangusha? Kozi nimeuliza bei nikakaa chini.

Gazi_kwetu
Hapana. Mikoko, nyasi bahari, mwani, samaki wa dikoni, viumbe wa mwambani, vyote unafanya ukitembea. Nyasi bahari unahitaji kwadrati, fremu ya nusu mita kwa nusu mita ambayo unaitengeneza na bomba za plastiki za maji, unaiweka chini unakadiria nyasi zimefunika asilimia ngapi na ni aina gani. Matumbawe ya kina kirefu ndio yanataka mitungi, na mara nyingi mradi wenye hela ndio unakulipia hiyo kozi baadaye. Ila kalenda ya maji uijue, panga siku zako za kupima ziangukie bamvua, maji yanapotoka sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Ukienda maji mafu utakaa ufukweni unangoja mwamba utoke na hautoki.

Mswahili_Gent
Hapo kwenye kwadrati piga picha ya kila moja kutoka juu ikiwa na namba yake. Supavaiza akibisha kuhusu makadirio yako unamfungulia picha.

Sangara_Mwanza
Wa ziwani je? Mnatuacha.

Mswahili_Gent
@Sangara_Mwanza hiyo "Lakes" kwenye jina la kozi ni yako kaka. TAFIRI wana vituo Mwanza na Kigoma, FETA, wakala wa elimu ya uvuvi, wapo Nyegezi hapo mlangoni kwako. Pima chochote, hata dagaa, afu uje inboksi nikuelekeze kwenye barua.